Shule ya maneno: kutoka karisi wa Walikale hadi slamu ya Goma

Bihambwe, Masisi – Msikilizaji anayejua barabara ya Sake kwenda Masisi hahitaji kuelezwa Bihambwe iko wapi. Ukishapanda Mushaki na kupita malisho ya ng'ombe, unafika kwenye kijiji hicho kilicho jirani na Rubaya, mahali ambapo dunia nzima inachukua koltani. Mapigano ya M23 yalifika Mushaki mwezi wa Februari 2023. Mwishoni mwa Aprili 2024, Rubaya nayo ikaingia mikononi mwa waasi hao. Familia za upande huo zilitawanyika: wengine Sake, wengine Minova, wengine kwenye kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo, pembeni ya mji wa Goma.

Kwenye kambi, vijana walikuta maharagwe, unga na maturubai, vitu ambavyo havikutosha hata siku moja. Walikuta pia, hapa na pale, mafunzo ya mchezo wa kuigiza, ya kuchora, na ya slamu, yaani ushairi wa kusemwa mbele ya watu bila muziki. Wazazi wengi waliuliza swali la haki: mtoto hana shule, hana kiatu, ushairi utamsaidia nini? Na walioleta mafunzo mara nyingi walijibu kana kwamba jambo hilo limeshuka jana kwa ndege. Walisahau kwamba Walikale na Masisi zilikuwa na shule ya maneno kwa vijana kabla ya kambi ya kwanza, na kabla ya barabara yenyewe.

Tuanzie Walikale. Wanyanga, watu wa msitu, wana hadithi ndefu wanazoziita karisi. Karisi ni jina la hadithi, na ni jina la roho pia: anayejua kuisimulia husema kwamba ni Karisi mwenyewe aliyemtaka aijue. Msimulizi huyo huitwa shé-karisi. Mwaka wa 1956, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alikutana na mmoja wao, mzee Rureke, na kumwomba asimulie kisa cha Mwindo chote, kuanzia kichwa hadi mkia. Kazi ikachukua siku kumi na mbili. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza kila mtu wa kisa kwa sauti yake na mwendo wake. Alisema mwenyewe kwamba hajawahi kukitoa chote kwa mfululizo namna hiyo. Kwa desturi, watu waliomba kipande tu: leo kile cha mtoni, kesho kile cha chini ya ardhi.

Kitabu kilichotoka katika kazi hiyo kilichapishwa Marekani mwaka wa 1969. Majina mawili yako kwenye jalada: la Biebuyck, na la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, mtaalamu wa lugha ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha za Afrika ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Mateene huyo huyo ndiye aliyeandika pia sarufi ya Kihunde. Jambo hilo si dogo, na tutaona kwa nini.

Kisa chenyewe wazee wa Walikale wanakijua. Shemwindo, mkubwa wa kijiji cha Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae wasichana tu, maana msichana huleta mali ya ndoa. Mke mpenzi akazaa mvulana, Mwindo, aliyezaliwa akitembea na akiongea. Baba akajaribu kumuua. Akamrushia mkuki, akamzika mzima, mwishoni akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma haikukaa kimya. Mtoto aliimba akiwa ndani, na maji yakambeba hadi kwa shangazi yake Iyangura. Kutoka hapo alirudi Tubondo akiwa na nguvu. Kijiji kikateketea, baba akakimbilia chini ya ardhi, Mwindo akamfuata huko na kumrudisha. Waliokufa walifufuliwa. Kisha kikaitishwa kikao kikubwa, na Shemwindo, mbele ya watu wote, akakiri kosa lake kwa mwanawe.

Mtu anaweza kujiuliza ni kwa nini jamii ya wazee iliweka kisa hicho kinywani mwa wasimulizi wake wakubwa, kisa ambacho ndani yake mkubwa ndiye mkosaji na kijana ndiye anayeimba akiwa amefungiwa. Labda ni kwa sababu waliona kwamba kosa la mkubwa lisiposemwa hadharani haliishi. Lakini Mwindo naye hakuachwa bila kufundwa. Baadaye alipoua zimwi lililokuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, alichukuliwa juu mbinguni, akateswa na baridi, mvua na jua, akakatazwa kuua ovyo. Alirudi akiwa mpole zaidi.

Lakini kinachohusu vijana wa leo kuliko kisa chenyewe ni namna kilivyofundishwa. Shé-karisi hakukaa peke yake. Alishika kibuyu chenye mbegu mkononi, na kando yake walikaa vijana, mara nyingi wa ukoo wake, wakipiga kijiti kirefu kilicholazwa juu ya vijiti vidogo na kuitikia wimbo. Kijana alianza kwa kupiga. Akipiga, anasikia. Akisikia mara nyingi, anaitikia. Kati ya hao waitikiaji ndimo alimotoka, baada ya miaka, yule wa kushika kibuyu. Hakuna aliyepewa cheti. Na wasikilizaji walikuwa na kazi yao: kusifu, kucheka, kuzawadia. Rureke hakuona haya kukatiza kisa na kuingiza maneno juu ya maisha yake mwenyewe na juu ya zawadi anazongoja. Msanii ale, hilo lilijulikana tangu zamani.

Upande wa Masisi kulikuwa na shule nyingine. Kati ya 1937 na 1955, utawala wa Wabelgiji ulileta familia nyingi kutoka Rwanda kupitia mpango ulioitwa MIB, na familia hizo zilikuja na utamaduni wao wa maneno. Katika desturi hiyo kijana alijifunza icyivugo, maneno ya kujitaja na kujisifu mbele ya wakubwa, na wafugaji walikuwa na mashairi ya kusifu ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina lake. Katika nchi ya malisho kama Bihambwe, ushairi wa ng'ombe ni jambo la kazi ya kila siku. Wahunde na Watembo nao walikuwa na nyimbo na visa vyao. Kwenye soko moja waliweza kukutana wajuzi wa maneno wa lugha tatu au nne.

Kisha ikaja Machi 1993. Watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na vita ikaenea Masisi yote. Maelfu wakafa, wengine wakakimbia, jirani akamwogopa jirani. Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti yake ya Mapping, tarehe 1 Oktoba 2010, uliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo, na kipindi ulichokichunguza kilianza mwezi huo huo wa Machi 1993. Yaani hesabu ya maumivu ya nchi nzima inaanzia kwenye vilima vyetu. Katika hali hiyo, lugha ya mtu ikawa alama ya kumtambulisha kwenye kizuizi cha barabara. Anayesifu ng'ombe wake kwa Kinyarwanda au kusimulia Mwindo kwa Kinyanga alipaswa kwanza kuangalia nani anasikia. Hapo ndipo kazi ya mtu kama Mateene, Mnyanga aliyekaa chini akachunguza Kihunde kwa makini ya mwanasayansi, inapostahili kukumbukwa.

Vijana waliozaliwa ndani ya vita hizo walikulia mjini Goma kwa wingi, na Goma inaongea Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji wa filamu Petna Ndaliko Katondolo, kiliwafungulia mlango: dansi, kamera, muziki, maneno. Mwaka wa 2012 vijana wa mji huo huo walianzisha vuguvugu la LUCHA, wakidai maji, kazi na amani bila kushika silaha, na wengi wao wakaijua jela. Novemba 2013 M23 ya mara ya kwanza ilishindwa, na Februari 2014 ukafanyika mkutano wa kwanza wa Amani Festival, makundi ya watu wakiimba katika mji uliokuwa umezoea kukimbia.

Slamu iliingia katika hali hiyo. Yenyewe ilizaliwa mbali. Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi huko Chicago, alichoka na mashairi yanayosomwa kwa sauti ya usingizi mbele ya watu wachache wenye elimu kubwa. Mwaka wa 1986 alianzisha, katika baa moja ya mji huo, jioni za ushairi ambapo watu wa kawaida waliokaa mezani ndio waliokuwa waamuzi. Ufaransa iliipokea baadaye, hasa baada ya filamu iliyoitwa Slam ya mwaka 1998, na kisha albamu ya Grand Corps Malade ya mwaka 2006 ikaipeleka redioni katika nchi zote zinazosikia Kifaransa. Neno lenyewe lina balaa lake kwa Kiswahili: ukilitamka haraka kwenye redio, "waslamu wamekutana leo Goma", msikilizaji anangoja habari za msikiti.

Kwa nini vijana wa Goma waliishika kwa nguvu hivyo? Sababu moja ni ya mfukoni. Gitaa inauzwa, studio inalipwa, kamera inaibiwa. Slamu haihitaji kitu isipokuwa kifua na kumbukumbu, na umeme ukikatika inaendelea. Sababu nyingine wanyang'anyi hawaijui: katika slamu mtu husema "mimi". Mtoto wa Masisi amezoea kusemwa na wengine. Ripoti inamsema, kamanda anamsema, shirika linampiga picha. Kwenye slamu anasimama yeye, na dakika chache hizo ni zake.

Kikundi cha Goma Slam Session kilikusanya vijana wa namna hiyo, na mmoja wao, Ben Kamuntu, ambaye ni mwanachama wa LUCHA pia, alitoa slamu iitwayo Bosembo, neno la Kilingala lenye maana ya haki. Aliichukua ripoti ile ya Mapping, karatasi nyingi ambazo watu wa Ntoto hawatazisoma kamwe, na kuigeuza kuwa jambo linaloweza kusikika. Hiyo ni kazi ya shé-karisi kabisa: kumkiri mkosaji mbele ya kikao. Tofauti ni kwamba Shemwindo alikubali kuja kwenye kikao, na wale walioandikwa katika ripoti hawajaja.

Si kila mafunzo ya ushairi yamefanya hivyo, na ni vizuri kusema ukweli. Kuna mafunzo ya siku tatu ambayo yanaanza kwa bango na kumalizika kwa picha ya pamoja. Kijana anapewa fulana na anaambiwa aandike juu ya "kuishi pamoja kwa amani". Anaandika, kwa Kifaransa ambacho mama yake hakijui, sentensi ambazo aliyemwalika angetaka kuzisikia. Siku ya nne mkufunzi hayupo. Kijana huyo hakuonewa na mtu, lakini hakufundishwa pia. Amekopeshwa sauti ya mwingine kwa siku tatu. Na usalama wake je? Msichana aliyeambiwa asimulie yaliyompata mbele ya watu mia mbili atarudi kulala kwenye hema lile lile, kati ya watu wale wale waliomsikia. Mkufunzi mzuri anajua kwamba kuna mambo ambayo yanaandikwa na hayasomwi.

Mfano mmoja uliodumu unatoka mbali kidogo, lakini ni wa Mkongomani. Trésor Nzengu Mpauni, mshairi wa slamu wa Lubumbashi anayejulikana kwa jina la Menes La Plume, alikimbia nchi mwaka wa 2008 na kufika Malawi, katika kambi ya Dzaleka. Mahali hapo palikuwa jela zamani. Kambi ilifunguliwa mwaka wa 1994 kwa watu wapatao elfu kumi, na leo ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao Wakongomani, na Kiswahili kinasikika kila kona. Sheria ya Malawi inawataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka wa 2023 serikali iliwakamata na kuwarudisha wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini.

Mpauni alifanya nini? Hakungoja aalikwe nje. Mwaka wa 2014 alianzisha ndani ya kambi tamasha la Tumaini, na akawaita Wamalawi waingie. Waimbaji wa nchi wenyeji na wakimbizi wakapanda jukwaa moja. Wageni wakalala ndani ya nyumba za wakimbizi na kula chakula chao, wakilipa, badala ya kuwaangalia kupitia dirisha la gari. Tamasha hilo limerudiwa mwaka baada ya mwaka na limeingiza watu kwa maelfu. Mama anayeuza sambusa siku hizo anajua ushairi unamsaidia nini. Na nafasi ya kijana imegeuka: si mtu wa kuhurumiwa tena, ni mwenyeji anayepokea wageni.

Kambi za Goma hazikupata muda wa kufika huko. Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi pale Mugunga na Lac Vert na kuua watu wengi, watoto wakiwa kati yao. Januari 2025 Sake ilianguka, na tarehe 27 M23 ikaingia Goma. Februari, wakimbizi waliambiwa warudi makwao. Katika siku chache, kambi zilizokuwa zimebeba mamia ya maelfu ya watu zikabaki mawe ya lava na vipande vya turubai. Wale waliokuwa wamejifunza kuitikia pamoja wakaenda kila mtu njia yake: huyu Bihambwe kwenye nyumba isiyo na bati, huyu kwa familia ya Goma iliyompokea, huyu Uvira, huyu Uganda.

Na kusema kukawa na bei. Tarehe 13 Februari 2025, mwimbaji Delcat Idengo, kijana wa Beni aliyewachoma kwa maneno watawala wa Kinshasa na waasi bila kuchagua, aliuawa kwa risasi mjini Goma. Alikuwa ametoka tu katika jela ya Munzenze, siku mji ulipoanguka. Hakuwa mtu wa slamu, na maneno yake mengine yaliwagawanya hata waliompenda. Lakini kila kijana aliyewahi kushika mikrofoni Goma alielewa habari ile bila kufafanuliwa.

Anayetaka sasa kuwakusanya tena vijana wa Masisi na Walikale kwa ushairi hawezi kuanza na jukwaa. Pengine ni bora hivyo. Shé-karisi hakuwa na jukwaa pia. Alikuwa na uwanja wa kijiji, vijana watatu na kijiti. Simu inaweza kubeba sauti ya msichana aliye Uganda hadi kwa kaka yake aliye Rubaya, na redio inaweza kumsikilizisha bila kumtaja jina. Mkufunzi mmoja anayebaki mwaka mzima na watoto kumi atafanya kazi kuliko kumi wanaokuja wiki moja. Na kazi ya kwanza inaweza kuwa ya kuitikia tu: mtoto aketi na bibi yake, amuulize, arudie.

Maana kuna jambo ambalo halitangoji. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano Mushaki iliposhambuliwa amejifunza kusoma, kama alijifunza, chini ya turubai. Ng'ombe wa Bihambwe waliokuwa na majina wameibiwa au wameliwa. Majina ya vilima, ya mito, ya mashamba na ya mipaka kati ya shamba na shamba, ambayo kesho yatakuwa na uzito mbele ya mahakama wakati kila mtu atakapodai ardhi yake, yamebaki vinywani mwa wazee ambao wengi wao wako leo katika nyumba za watu, kwenye chumba cha nyuma, wakingoja mtu aje aulize.